Q bila U: maneno ya Kiingereza ambayo Mswahili anayajua tayari ila hajijui

Kama unacheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga herufi ubaoni kuunda maneno, kila mtu ameshika herufi saba, unaijua hii. Unaingiza mkono kwenye mfuko unaomba upate S au ile herufi tupu inayosimama badala ya herufi yoyote, unatoka na Q. Unacheki ubaoni, U zote nne zimeshatumika, nyingine imewekwa kwenye kineno cha hovyo kama MUD, na mkononi kwako hamna hata moja. Hapo watu wengi huwa wanakata tamaa, wanaishikilia hiyo Q mpaka mwisho wa mchezo, alafu wanakatwa pointi 10 na mwenzao aliyemaliza herufi zake anaongezewa hizo hizo 10, yaani kihesabu umeachwa pointi 20 kwa kaherufi kamoja tu.

Sasa mi leo nataka kuongelea maneno ya Kiingereza yenye Q ambayo haifuatwi na U, na maana zake, kwa sababu kiukweli kabisa huu ni msamiati ambao sisi watu wa Kiswahili, na hasa uliyepita chuoni kwa ustadhi ukiwa mdogo, tunao kichwani tayari. Mzungu wa London anakaa chini kuyakariri moja moja kama namba za simu. We unayajua tangu utoto, ila unayaandika kwa K.

Kwanza tuelewe kwa nini Q ni mgumu hivo. Huu mchezo ulibuniwa na Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyekosa kazi kipindi uchumi wa Marekani umeporomoka miaka ya 1930, na alichofanya akachukua kurasa za magazeti akaanza kuhesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Ndo maana E ziko 12 na Q iko moja tu kwenye herufi 100, na bei yake ni 10 sawa na Z. Jina la Scrabble lenyewe lilikuja 1948 akishaingia mtu mwingine, James Brunot. Kwa hesabu za Butts Q ni nadra, sawa, ila tatizo kubwa siyo unadra, tatizo ni kwamba kwenye Kiingereza Q na U hawaachani. Hii tabia ni ya zamani sana. Waetruski, watu wa Italia ya kale kabla ya Warumi, walikuwa na herufi tatu kwa sauti moja ya k, wakawa wanatumia C mbele ya e na i, K mbele ya a, na Q mbele ya u, Warumi wakairithi hiyo wakabaki na QU. Waingereza wenyewe zamani wala hawakuwa na habari nayo, neno queen waliliandika cwen, quick ilikuwa cwic, mpaka Wanormani walipovamia 1066 na waandishi wao wakaanza kuandika kwa mtindo wa Kifaransa, basi cw yote ikageuka qu taratibu. Kwahiyo neno lolote la Kiingereza lenye Q isiyo na U karibu lote ni mgeni, limetoka nje na pasipoti yake, na ukilichunguza utajua limepanda ndege wapi.

Na wengi wao wamepanda Uarabuni.

Kiarabu kina herufi mbili ambazo sisi kwenye Kiswahili tumezichanganya tukazifanya moja. Kuna kaf, hii ni k ya kawaida, na kuna qaf, ile inayotoka ndani huko karibu na kidakatonge, ambayo ustadhi alikuwa anakurudisha mpaka uitoe vizuri. Tulipokuwa tunaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tofauti ilionekana, ila alfabeti ya sasa haina Q wala X, kila kitu kikawa K. (Vijana wa enzi zile za Facebook walijaribu kuirudisha Q kwa nguvu, "naqpenda", "qweli", sijui "xaxa", nashukuru imepita.) Wazungu wanaonakili Kiarabu wao wameamua qaf iwe Q, basi. Kwahiyo ukitaka kujua neno lako la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu lina Q au K kule kwa wenzetu, jiulize kwenye Kiarabu ni qaf au kaf. Kitabu ni kaf. Baraka kaf, maskini kaf, malaika kaf, kafara kaf, duka kaf. Ila kalamu, haki, akili, dakika, wakati, sanduku, bunduki, kabila, zote hizo ni qaf, umeshawahi kufikiria? Mtu hajasoma chuo hawezi kujua, yote anaona K.

Ila taratibu. Neno kuwa na qaf haimaanishi Waingereza wameliingiza kwenye kamusi. Usiende kuweka DAQIQA wala BUNDUQ ukasema kuna mtu mtandaoni kakwambia, utachalenjiwa na zamu itakupita. Yako yale waliyoyakubali tu, na ndo hayo nayapitia sasa. Natumia listi ya Collins, yaani orodha ya maneno yanayokubalika kwenye Scrabble, ndo inayotumika kwenye mashindano karibu dunia nzima na huku kwetu pia, Marekani na Kanada wana listi yao ambayo ni fupi zaidi.

QADI ndo la kwanza. Ni kadhi, yule yule. Pointi 14 kabla ya kuhesabu rangi za ubao, vile vibox vinavyozidisha pointi. Kamusi za Kiingereza zinasema ni hakimu wa Kiislamu, na kwa Mkenya hii haihitaji maelezo kwa sababu Mahakama za Kadhi ziko kwenye Katiba ya 2010, Zanzibar nao wana zao. Ukikosa Q unaweza kuliandika CADI au KADI pia, zote zinakubalika, Waingereza wakichukua neno la watu huwa hawaridhiki na tahajia moja. SUQ nalo hivo hivo, lina SOUK, SUK, SOOK, chagua mwenyewe. Maana yake soko. Na soko letu limetoka huko huko, kwahiyo ukiona S na U na Q mkononi usianze kuhangaika eti U yangu nitaiweka mbele au nyuma, weka SUQ chukua 12 nenda zako. Hapo U ipo lakini imekaa mbele ya Q badala ya nyuma, inahesabika kwenye kundi hili hili.

WAQF nalipenda kuliko yote ya herufi nne. 19! Kwa sababu W ni 4 na F ni 4 na katikati kuna hiyo Q. Ni wakfu, mali iliyofungwa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi, mapato yake yanaenda msikitini au kwa mayatima au popote mwenye kuiweka alipotaja. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Kenya kuna tume yake, ukizunguka Mji Mkongwe nyumba kibao ni za wakfu. Mwingereza ukimwekea WAQF anashtuka anadhani umeandika sauti ya mbwa. FIQH nayo ni 19, fikihi, elimu ya sheria za dini, ile ya nguzo na sharti na najisi, kama ulikaa kwenye mkeka chuoni unajua.

TALAQ ni talaka. Hili lilisikika sana kwenye habari za dunia mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya India ilipobatilisha zile talaka tatu za mkupuo, na 2019 bunge lao likapitisha sheria kabisa. Kwa Scrabble ni zuri maana T, A, L na A ni herufi za kawaida ambazo kila mtu anazo. NIQAB ni nikabu, ya kufunika uso macho yanabaki nje, BURQA ni ile inayofunika mpaka macho kuna kawavu ka kuonea, watu wa magazeti ya Ulaya huwa wanayachanganya haya mawili mpaka inaudhi, na buibui letu siyo lolote kati ya hayo. Yote mawili ni 16.

QIBLA 16 pia. Kibla. Hapa kuna kitu kizuri ambacho mtu wa bara la mbali hana, kwetu pwani kibla na kaskazini ni karibu kitu kimoja, na hata kwenye Kiswahili kuna wanaosema "upande wa kibla" wakimaanisha kaskazini tu wala hawaongelei sala. Ukiangalia ramani utaona kwa nini, Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, ni kama nyuzi 39 na nusu kitu, Dar nayo imo humo humo. Mwislamu wa Chicago anahitaji programu kwenye simu, bibi yangu Tanga alikuwa anahitaji kujua bahari iko mkono wake wa kulia, yamekwisha.

Sasa mpaka hapa maana zinaoana, ila utamu wenyewe uko kwenye maneno ambayo Waingereza wamechukua maana moja na sisi tumechukua nyingine kutoka kwenye mfuko ule ule.

FAQIR kwa mfano, pointi 17. Kwetu fakiri ni maskini, hana kitu, mwisho. Na tukachukua na wingi wake wa Kiarabu, fukara, tukaufanya neno jingine la umoja, alafu tukatengeneza na ufukara. Kwa Kiingereza faqir ni mtu wa dini anayeishi kwa sadaka, sufi, au kwa picha walizoziona wakoloni kule India ni yule mtu anayelala juu ya misumari watu wakamtupia senti. Umaskini wa kujitakia.

ZINDIQ. Hili ukiliweka ni pointi 25 kwa sababu lina Z na Q pamoja. Kamusi inasema ni mzushi, mtu aliyetoka nje ya imani ya Kiislamu, na kihistoria lilianza Uajemi, enzi za Waabbasi, makhalifa wa Baghdad, lilikuwa ni tuhuma ya kukatisha shingo, walilengwa hasa wafuasi wa Mani, mwanzilishi wa dini moja ya zamani ya Uajemi. Haya sasa sema "mzandiki". Unaona? Kwetu mzandiki ni mnafiki, mwongo anayekuchekea, jirani anayekula kwako alafu anaenda kukusema. Kutoka kesi ya kunyongwa mpaka umbea wa kibarazani, neno limesafiri hilo.

QASIDA, 16. Kwa Kiingereza ni shairi refu la Kiarabu au Kiajemi lenye kina kimoja mwanzo mpaka mwisho, la kumsifu mtu au kumlilia. Kwetu kaswida ni ya kuimbwa, madufu, watoto wamevaa sare wamejipanga wanayumba kushoto kulia kwenye maulidi. Ukimwambia mtoto wa Tanga qasida ni kitu cha kusomwa kimya kimya kwenye kitabu atakushangaa. Karibu yake kuna QAWWALI, ile ya Pakistani na India, ya kisufi, mnaijua kwa sauti ya Nusrat Fateh Ali Khan. Hili ni neno la ndoto, lina herufi saba kamili, na W ziko mbili tu kwenye mfuko mzima, kwahiyo ukizipata zote mbili na Q juu yake, kwa kawaida ungelia, ila kwa QAWWALI unachukua 22 na bonasi ya 50 ya kumaliza herufi zote.

Na sasa hili la mwisho la Kiarabu nililiweka makusudi. QAIMAQAM. Lina Q mbili, kwahiyo lazima moja iwe herufi tupu, na ni herufi nane maana yake moja iwe tayari ubaoni, mi sijawahi kuona mtu ameliweka na sitegemei. Lakini lisome polepole. Qaim, maqam. Kaimu, makamu! Kwa Kiarabu ni "anayesimama mahali pa" mwingine, Waturuki wa dola ya Uthmani wakalifanya cheo cha kiutawala, na mpaka leo Uturuki mkuu wa wilaya anaitwa kaymakam. Sisi tulilikata katikati, nusu ya kwanza tukampa yule anayekalia ofisi kwa muda wakati bosi hayupo, nusu ya pili tukampa Makamu wa Rais. Niliwahi kulitaja hili tukiwa tunacheza, mzee mmoja mstaafu wa serikalini ambaye huwa tunacheza naye Jumapili akasema, "Kwahiyo kijana miaka yote nimekaimu nusu neno?" Tukacheka mpaka zamu ikapotea.

Kuna mengine ya huko huko nayapitia haraka. TARIQA na TARIQAT, twarika, njia za masufi. TAQLID, kufuata tu bila kuhoji waliokutangulia wamesemaje. QAID, kiongozi au chifu wa Afrika Kaskazini, usimchanganye na mkaidi. QALAMDAN, kikasha cha Kiajemi cha kuwekea kalamu na wino, kalamu yenyewe unaiona hapo mbele imekaa. QORMA, mchuzi wa Kihindi, hata kwa K linakubalika. INQILAB ni mapinduzi, kwa India na Pakistani. BUQSHA ilikuwa hela ya Yemen, 40 zinafanya riyali. QANAT ni mifereji ya maji inayochimbwa chini ya ardhi kutoka mlimani, Iran, visima vimepangana mstari mrefu juu yake, UNESCO waliiorodhesha 2016, na wenye ndugu Oman wanajua kaka yake ambaye kule anaitwa falaj, zenyewe ziliorodheshwa mapema zaidi, 2006, shangazi akiongelea falaj la kijijini kwao utadhani anaongelea mtu wa familia.

Aa, na QAT. Ni miraa. Au mirungi ukiwa upande wetu, ambako hata kuimiliki ni kesi. Kichekesho ni kwamba kwa Scrabble ni halali duniani kote, pointi 12, wakati Uingereza wenyewe waliipiga marufuku 2014 na wakulima wa Meru wakapoteza soko kubwa ghafla. Inaandikwa pia KAT na KHAT.

Nje ya Kiarabu ndo unaona kila taifa limeitumia Q kwa kazi yake, maana hii herufi ilikuwa haina kazi ya maana kila mtu akaichukua akaipa anachotaka. Wachina walipotengeneza uandishi wao wa kilatini, ule uliopitishwa 1958, Q wakaipa sauti inayokaribia "ch" yetu. Kwahiyo QI inasomwa chi, ni ile nguvu ya uhai, pumzi inayozunguka mwilini kwa imani yao, na QIGONG ni mazoezi yake, QIN ni chombo chao cha muziki cha nyuzi saba. QI ndo neno moja muhimu kuliko yote niliyoyataja na kama umechoka kusoma chukua hili tu uondoke nalo. Herufi mbili! Marekani walilikubali 2006 na mchezo ukabadilika kabisa. Ukiiweka Q kwenye kile kibox cha herufi mara tatu ikasoma QI kwenda kulia na QI kwenda chini kwa mpigo, unachukua 62. Kwa herufi moja uliyoilaani.

Waalbania wana QINDAR na QINTAR, senti zao, 100 zinafanya lek moja. Waisraeli wana SHEQEL, na QOPH ambayo ni jina la herufi yenyewe kwa Kiebrania, ndugu wa damu na qaf. Wa-Inuit huko barafuni Greenland na kaskazini ya Kanada wana q ya kooni kama ya Waarabu, bila kuonana, wametoa UMIAQ, mashua ya wazi ya ngozi, na QIVIUT, sufu laini ya yule ng'ombe wa barafu mwenye manyoya mpaka chini.

MBAQANGA ya Afrika Kusini ni muziki wa Johannesburg wa miaka ya 60, Mahlathini na Mahotella Queens, jina lake kwa Kizulu ni chakula cha unga wa mahindi. Hapo q ni kidoko, ulimi unabanduka kwenye kaakaa la juu unatoa mlio, mambo ambayo Tanzania Wahadzabe na Wasandawe wanayafanya kila siku wakiongea na sisi wengine hatuwezi hata tulipwe. Pointi 22 hilo.

Ila lililonishangaza kuliko yote ni YAQONA. Ni kinywaji cha Fiji, mizizi ya mmea wa jamii ya pilipili manga inasagwa inachanganywa na maji, ukinywa mdomo unakufa ganzi. Wafiji q yao inasomwa ng. Siyo ng' ya ng'ombe, ni ng ya ngoma, ile ile. Kwahiyo linasomwa yangona, na Mwingereza anayejitutumua kusema "yakona" amekosea, wakati sisi ukituandikia tu kwa tahajia yetu tunalisoma sawasawa mara ya kwanza.

Najua kuna atakayesema maana za nini, si uyakariri tu uende. Na ana hoja, kwa sababu bingwa mkubwa kuliko wote wa huu mchezo, Nigel Richards wa New Zealand, alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa 2015 na hajui Kifaransa, alafu 2024 akaenda kushinda ya Kihispania, Kihispania nacho hakijui. Yeye anaona herufi tu. Sawa, hongera yake, ni kichwa cha ajabu. Ila kwa binadamu wa kawaida neno likiwa na maana linakaa, na sisi haya hatuyakariri, tunayakumbuka, ni faida ambayo Mnigeria hana kwa wingi huo na bado wametoa bingwa wa dunia, Wellington Jighere, 2015 kule Perth. Nairobi iliandaa mashindano ya dunia 2017, kwahiyo huu mchezo siyo wa wazungu wa kwenye sinema, klabu ziko huku huku.

Nikisema huku huku nakumbuka, hiyo listi ya Collins ina maneno yetu pia, ya Kiswahili kabisa, SAFARI hilo kila mtu anajua ila kuna UHURU, UGALI, MZEE, MZUNGU, MATATU, SHAMBA, KANZU, ASKARI, WANANCHI, HARAMBEE. UHURU linakusaidia kumaliza U zikikujaa mkononi, ambalo ni tatizo la upande wa pili wa hili la leo na nitaliandikia siku yake. MZEE na MZUNGU ni ya kumalizia Z.

Yamebaki matatu ambayo hayana hadithi ndefu. TRANQ ni kifupisho cha dawa ya kutuliza, 14. CINQ ni tano ya kwenye dadu, Kifaransa. QWERTY ni hiyo kibodi unayotumia sasa hivi, safu ya juu kushoto, Wamarekani wa Remington waliitoa kwenye taipureta zao miaka ya 1870 na imeingia kamusini kama neno, 21, na wingi wake unakubalika QWERTYS na QWERTIES.

Kama unaanza leo shika QI, QAT, SUQ, QADI na WAQF, hayo yatakutoa kwenye michezo mingi, mengine yatakuja yenyewe. Ukikaa na mtu mgeni ulizaneni kwanza mnatumia listi gani, maana kuna ambaye kazoea ile fupi ya Marekani na atakukatalia baadhi ya haya mpaka mnuniane. Na QATAR na IRAQ msiweke, hayo ni majina ya nchi, hayaruhusiwi hata uape.